Mama Anacheka, Hajui Anamcheka Nani

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa sababu ya sauti ya kandambili.

Jumapili jioni nilikuwa chumbani nakunja nguo, mlango nimeurudishia, nikasikia sebuleni kandambili inaburuzwa sakafuni, mburuzo mmoja mrefu halafu kimya, mburuzo mmoja mrefu halafu kimya, na kabla sijawaza lolote mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Baba, kaa, nakuja." Baba yangu amekufa. Tulimzika mwaka jana. Nilifungua mlango na shuka mkononi, nikamkuta mama mbele ya simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya maji, anaburuza mguu wa kushoto kama wanavyofanya vijana mtandaoni, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Akaniambia, "Njoo unirekebishe, si wewe uliyenifundisha?" Ni kweli, mimi ndiye niliyemfundisha. Naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho, maana sina mwingine wa kumweleza jambo hili bila kwanza kumwonyesha kitu fulani, na kumwonyesha ndiko nisikokuweza.

Baba alipatwa na kiharusi muda mfupi baada ya mimi kumaliza chuo kikuu. Mguu wa kushoto ukabaki mzito, akawa anauburuza, na kadiri miezi ilivyokwenda akili nayo ikaanza kumponyoka, akasahau kwanza majina ya vitu, halafu majina yetu, halafu nyumba yenyewe. Mama anashona sare za shule kwenye karakana, anatoka asubuhi na kurudi jioni, na kaka yangu anaishi mbali na familia yake, kwa hiyo wa kubaki nyumbani nilikuwa mimi, nikabaki miaka minne, hakuna aliyenilazimisha na sijutii. Simu yangu ya kisasa baba aliitumbukiza kwenye ndoo ya nguo akisema inamwangalia, nikanunua ya vitufe, ya kupiga na kupokea basi. Televisheni tuliitoa sebuleni kwa sababu alikuwa akiwakaribisha watangazaji waketi, na wasipoketi anakasirika. Hivyo ndivyo dunia ilivyocheka vichekesho vyake na kucheza nyimbo zake kwa miaka minne na mimi sikuwapo.

Baada ya mazishi nikapata kazi katika duka la kuchapa fulana, vikombe na mabango. Kazi yangu ni kuchora kwenye kompyuta. Wateja wetu wengi ni vijana, na wanachotaka kifuani ni maneno yanayovuma mtandaoni wiki hiyo, na mimi sikuyajua hata moja. Mteja alikuwa akitaja neno, duka zima linaangua kicheko, mimi namwuliza linaandikwaje. Dada wa mapokezi, ambaye sote tunamwita Kasuku kwa kuwa lolote linalosemwa mtandaoni yeye huwa ameshalirudia kabla hatujanywa chai, alinipa jina la Makumbusho. Sikuchukia. Alikuwa ananiita hivyo huku ananisogezea kiti, na saa ya kula mchana akawa mwalimu wangu.

Nilisoma, mshauri, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Siku ya kwanza alinionyesha mwanamume anayegaragara chini akilia, kila mtu anamtumia huyo kuelezea huzuni yake, nikamwuliza huyu amefiwa na nani. Akaniangalia kwa huruma. "Makumbusho, huyu hajafiwa. Timu yake imefungwa." Siku nyingine nilijikaza nikamtupia mteja msemo mmoja niliokuwa nimeukariri, na Kasuku akaninong'oneza kwamba huo ulishakufa zamani, nisiufukue mbele ya watu. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nimekaa miaka minne na mtu mmoja ndani ya nyumba iliyofungwa, na kuchekwa na watu wanaokuita mezani ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Halafu ikaja "Jamani, kwetu ni wapi?"

Nina hakika unaijua, maana sidhani kama kuna asiyeijua. Ni sauti nyembamba kama ya mtoto, imekimbizwa, chini yake kuna ngoma, na mwisho kuna mburuzo mmoja, shwaa, na hapo ndipo mchezaji anapoburuza mguu wa kushoto. Wanamwekea mwanafunzi anayetoka kwenye chumba cha mtihani, wanamwekea mchezaji aliyejifunga bao, wanamwekea mume anayerudi nyumbani hajiwezi kwa ulevi. Mchekeshaji mmoja ameijengea onyesho zima. Safari hii sikuchelewa. Ilipovuma na mimi nilikuwapo, nilielewa siku ileile walipoelewa wengine, nikaicheza katikati ya duka, kati ya meza ya kukatia na mashine ya joto ya kuchapia, Kasuku akanirekodi na kuandika chini yake, "Makumbusho yamefunguliwa." Bosi mwenyewe alitoka ofisini kuniangalia. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote tangu nimalize chuo.

Nilichora mimi fulana ya maneno hayo. Sasa, dukani kwetu kuna desturi. Fulana ya kwanza ya kila mchoro mpya huwa inaharibika, kwa sababu mashine ya joto inakuwa haijazoea rangi, na fulana hiyo haiuzwi wala haitupwi, mchoraji huondoka nayo ikawa nguo ya kulalia au dekio. Nikaenda nayo nyumbani. Mama aliikuta kwenye kamba, akasoma, akaniuliza huyu anayepotea kwao ni nani. Kaka alikuwa amemtumia simu ya kisasa ambayo yeye alikuwa akiipigia tu, nikaichukua, nikamwonyesha. Mshauri, mama hakuwa amecheka tangu tulipotoka makaburini. Alikuwa anakula, anaenda karakana, anarudi, anakaa kitandani upande wake uleule ukutani kana kwamba yule mwingine bado yupo. Alipocheka nikaona jino lake la pembeni lililopinda, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimelisahau. Tangu siku hiyo amenipita kwa mbali. Ananitumia video nikiwa kazini. Ananieleza maana. Fulana ile iliyoharibika ndiyo anayolalia.

Wiki iliyopita bosi akasema yule mchekeshaji anakuja mjini kwetu, onyesho ni Jumamosi ijayo, anataka tuwe na mchoro mpya wa fulana, wenye picha ya mguu na kandambili. Mimi siwezi kuchora kitu nisichokijua kilikotoka, ndivyo nilivyo, nikasema nitaitafuta video ya kwanza kabisa, ile ambamo sauti ilichukuliwa. Kasuku akaniambia hakuna anayejali ilikotoka. Niliitafuta mchana kutwa, narudi nyuma kutoka kwa aliyeiga hadi kwa aliyeigwa, mpaka nikafika kwenye video isiyo na ngoma, iliyopewa jina "Mlevi wa asubuhi."

Ni barabara iliyo nyuma ya nyumba yetu. Nilijua kwa ukuta kabla sijajua kwa mtu. Halafu nikamwona. Amevaa shati lake la kulalia lililokosewa vifungo, ambalo nilimfunga mimi asubuhi ile nikiwa na haraka, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna kitu, na mkononi ameshika ufunguo wa mlango wetu, anawanyooshea watu kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Anasema kwa sauti yake nzito ya taratibu, "Samahani. Jamani, kwetu ni wapi?" Mtu anamjibu, "Kwenu ni baa," na anayerekodi anacheka mpaka picha inatikisika. Baba anasubiri jibu lingine. Anapiga hatua, kandambili inaburuzika. Halafu natokea mimi, peku, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko, kwa kuwa nilikuwa nafua, namshika mkono na nasikika nikisema, "Ni hapa hapa, baba. Twende." Video inaishia hapo. Chini wameandika kwamba mlevi ana mke mdogo.

Siku ile naikumbuka, mama pia anaijua, nilimweleza jioni yake kwamba baba alitoka na nilimpata palepale nyuma. Kitu ambacho hatukujua ni kwamba tulikuwa tunarekodiwa.

Unapaswa kujua kwamba maisha yake yote ya kazi baba alikaa kwenye dirisha la maulizo katika kituo cha treni. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wanakokwenda. Aliyeanza bila samahani alimrudisha mwisho wa foleni, na nyumbani ilikuwa hivyohivyo, hata chumvi hukupewa mezani bila samahani. Waliotengeneza ile sauti waliliacha neno hilo nje. Wameanzia kwenye "Jamani."

Hapa ndipo nilipokwama. Mama na washonaji wenzake wote wa karakana wanakwenda kwenye onyesho hilo Jumamosi. Wanataka wavae sare. Amewaambia kwa majivuno kwamba mchoraji ni binti yake, na ameniomba niwachapie fulana za kundi zima, zenye mguu na kandambili, na bosi ameshakubali na kitambaa kimeshafika. Ana wiki nzima anafanya mazoezi ya kuburuza mguu sebuleni, juu ya sakafu ileile. Nimewaza kuziunguza zote kwenye mashine na kusema ni umeme. Nimewaza kuzichapa na kunyamaza maisha. Nikimwambia, nampokonya kicheko pekee alichokipata, na simwachii chochote mahali pake isipokuwa picha ya mume wake anachekwa barabarani na ufunguo mkononi. Nisipomwambia, atasimama ukumbini kati ya watu wote hao na maneno ya baba kifuani, na mimi nitakuwa nimeyaandika.

Na kuna hili ambalo ndilo linaloniamsha. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimfunga vifungo, hakuna mtu duniani aliyeijua sauti yake kuliko mimi. Nikaisikia dukani, nisiijue. Nikaicheza.

Nifanye nini?

Makumbusho

MSHAURI ANAJIBU

Makumbusho, binti yangu, pole. Nimekusoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimeketi na ya pili nikiwa nimesimama, na hiyo ya pili nilikuwa nimekukasirikia kidogo, kwa hiyo vumilia.

Tuanze na hilo la mwisho, maana umeliweka mwisho ukitumaini sitaliona. Hukumcheka baba yako. Ulicheka ngoma na kasauti kembamba ambako mtu alikatengeneza kwenye kompyuta ili kasifanane na mtu yeyote. Kama ungemsikia baba yako, ungetoka peku tena, na povu mkononi. Walikuwapo watu barabarani asubuhi ile waliomwona kwa macho yao, mzima mzima, ameshika ufunguo, na wakacheka. Hao ndio wenye deni la kujieleza. Wewe usijipange kwenye foleni yao. Na kama unahitaji mwenzako wa aibu, basi nipo, maana mimi na umri huu niliuburuza mguu huo mbele ya wajukuu zangu, wakanipigia makofi.

Sasa nikukaripie. Unasema unalinda kicheko cha mama. Hulindi kitu. Umemkalisha mama yako juu ya kiti ambacho unajua mguu wake mmoja umekatika, na unasimama pembeni ukisema, tazama alivyokaa vizuri. Video hiyo haikufichwa. Wewe umeifikia kwa mchana mmoja, na uso wako umo ndani. Siku moja mshonaji mwenzake, au jirani, au mtoto wa jirani, ataiona na kusema, huyu si binti wa fulani? Unataka mama yako ayasikie hayo akiwa wapi? Ukumbini, na fulana imeshavaliwa? Siku hiyo hatauliza nani alimrekodi mumewe. Atauliza wewe ulijua tangu lini.

Tena umemfanya mtoto. Huyo ni mwanamke aliyelala kando ya mgonjwa miaka minne na kuamkia cherehani. Aliyabeba makubwa kuliko haya. Unamwona dhaifu kwa sababu anacheka, na hapo umekosea hesabu: mtu dhaifu hachezi sebuleni peke yake.

Kwa hiyo utamwambia, na utamwambia kabla ya Ijumaa. Mwambie mchana, kukiwa na mwanga, mikono yake ikiwa na kazi, kwa kuwa mshonaji asiye na kitu mkononi hajui pa kuitazamia huzuni. Simu iwe mbali. Usianze na video, wala mtandao, wala mchekeshaji. Anza na siku ile baba alipotoka, ambayo anaijua, kisha sema kuna mtu alirekodi, kisha sema sauti ile ni yake. Ukishasema hivyo, funga mdomo. Wewe umesoma sana na unapenda kueleza, nimeona kwenye barua yako; siku hiyo usieleze. Asipotaka kuisikia, isiwepo. Akitaka, mpe ile nzima isiyo na ngoma, na ukae ubavuni kwake, usikae mbele yake kumtazama uso kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Atakalolisema litakuwa la kwake. Huenda akakukasirikia, huenda akaendelea kucheka siku nyingine na video nyingine, na huenda asicheke tena kwa muda mrefu. Hayo yote huyamiliki.

Fulana usimwulize yeye. Wewe ndiye mchoraji. Nenda kwa bosi wako na miguu yako miwili, umwambie mchoro huo huuchori na kwa nini, kwa sentensi chache, bila kulia kama unaweza, na ukilia pia si kitu. Kuunguza kitambaa cha watu na kusingizia umeme ni utoto. Kazi usiiache. Ulikaa ndani vya kutosha.

Ukitaka kumwandikia mchekeshaji, mwandikie mara moja, kwa heshima, umweleze sauti ni ya nani, halafu usikae dirishani kumsubiri. Sitakudanganya kwamba dunia itanyamaza. Haitanyamaza. Itachoka tu, kama ilivyochoka na yule wa timu iliyofungwa, na kuchoka kwake hakutakuwa kwa ajili ya baba yako. Yale yaliyoandikwa chini ya video usiyasome tena. Hakuna aliyekupa kazi ya kuyasahihisha.

Nenda kwa mama yako.

BAADA YA WIKI MBILI tulipokea ujumbe huu, nasi tunauchapa kwa ruhusa yake.

Mshauri, nilimwambia Alhamisi mchana, siku ambayo yeye hakwenda karakana na mimi niliomba ruhusa kazini. Alikuwa mlangoni, penye mwanga, anafumua mshono wa sketi ya shule uliokwenda kombo. Nilisema kama ulivyonielekeza, nikanyamaza. Aliendelea kufumua. Alifika mwisho wa mshono, akakusanya nyuzi zote akazifinya kuwa kidonge, ndipo akasema, "Lete."

Aliitazama yote bila kuishika simu. Akaniambia nirudishe mwanzo, nikarudisha. Mara hii alifumba macho. "Amesema samahani," akasema. Nikamwambia ndiyo. "Mbona ile nyingine haina?" Nikamwambia waliikata.  Kisha akaniuliza, "Na wewe mbona huna viatu?" Nikamwambia nilikuwa nakimbia. Akanishika mguu, mshauri, unyayo, kama mtu anayetafuta mwiba wa siku ile, na hapo ndipo tulipolia.

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema sawa, lakini yeye ni mfanyabiashara, na washonaji wale wakienda duka la ng'ambo ya barabara nisilalamike. Walikwenda. Fulana zilichapwa huko, na picha ya mguu ambayo haikuwa imechorwa vizuri. Wenzake mama walikwenda kwenye onyesho bila yeye, baadhi yao wakijua na baadhi hawajui, na Jumatatu karakana nzima iliongea chini kwa chini alipoingia. Kasuku aliifuta video yangu bila kuombwa, na sasa ananiita jina langu, jambo ambalo bado sijalizoea. Mchekeshaji nilimwandikia. Hajajibu. Jana kwenye foleni ya benki simu ya mtu nyuma yangu iliita kwa sauti hiyo, na watu wawili wakatabasamu.

Mama hacheki. Ile fulana aliyokuwa akilalia aliikata kwa mkasi, akatoa maneno yote katika kipande kimoja, na hakuniambia amekiweka wapi. Simu haitazami. Ila juzi alikuja chumbani kwangu, akasimama, akauliza kama katika hiyo video naweza kutoa sauti peke yake, bila wale wanaocheka.

Wanaocheka sikuweza kuwatoa wote. Mmoja amebaki, mbali, kama mtu anayekohoa. Lakini nimeifanya kazi hiyo, dukani, saa ya kula, kwenye kompyuta ileile niliyochorea fulana. Nimeanzia kwenye samahani. Nimeacha swali lilivyo, kwa mwendo wake, na hatua yake, na kandambili. Na pale ambapo dunia nzima hukatia, mimi sikukata. Nimeendelea mpaka kwenye jibu langu. Nimeiweka kwenye simu ya mama, na kwangu nimeifuta.